Omena ya Kila Siku

Hii hadithi inanionyesha mimi kama mjinga. Nimejaribu kuigeuza mara kadhaa ili mjinga awe mtu mwingine, imekataa. Nilijaribu kumweka dada yangu hapo, haikukaa vizuri. Nikajaribu mwalimu wake wa chuo kikuu, lakini huyo hata hakuwepo. Kwa hivyo ni mimi. Wacha niseme tu.

Kwetu ni upande wa Magunga, watu wa shamba na ng'ombe. Nilipomaliza darasa la nane karatasi ya matokeo ilikuja, baba akaiangalia, akairudisha kwa bahasha polepole kama mtu anafunika sufuria, na nikajua shule imeisha. Nikateremka Kisegi, kwa ziwa, kufanya kazi ya omena. Mashua zinarudi asubuhi na zile samaki ndogo ndogo zinang'aa, wanawake wananunua kwa beseni, na mimi nazimwaga juu ya nyavu kuukuu, nazigeuza na ufagio mpaka zikauke. Kazi ya pili ni kufukuza ndege na mbuzi. Mbuzi wa Kisegi wanakula omena. Kama huamini, njoo na yako.

Dada yangu yeye alishika njia ingine. Bweni tangu darasa la nne, sekondari Migori, halafu chuo kikuu Nairobi, kusomea mambo ya biashara. Omena alikuwa anaijua ikiwa kwa sahani.

Sasa mwaka huo wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, wote wakarudishwa makwao. Wenzake walirudi na masanduku. Yeye alirudi na kazi. Mwalimu wao alikuwa amesema kila mtu apange biashara mpya, ya kweli, si ya kuota. Aiandike yote, aijaribu, halafu atafute mnunuzi ambaye ataandika barua kwamba hawa watu wanaleta mali vile waliahidi. Chuo kikifunguliwa kama huna barua, unarudia hilo somo na wale wa nyuma yako, mwaka mzima. Na baba alikuwa ashatangaza kanisani kwamba mtoto wake anamaliza mwaka huu. Alitangaza mara mbili. Hiyo barua ikawa kitu ya nyumba yote, hata mama akawa anaiombea kabla ya chakula.

Alinifuata Kisegi na faili kubwa ya buluu, akakaa juu ya mashua iliyopinduliwa.

“Omera, ndugu yangu, kuja hapa. Nataka kukuuliza maswali.”

“Nimefanya nini tena?”

“Hujafanya kitu. Kaa.”

Nikakaa. Akaniuliza omena inatoka ngapi, inakauka kwa muda gani, nani ananunua, wanapeleka wapi. Nikawa naongea, na kila nikiongea yeye anaandika. Watu wangu, hakuna mtu alikuwa amewahi kuandika maneno yangu. Kule shule prifekti alikuwa anaandika tu jina, kwa ile orodha ya wapiga kelele. Nikaanza kuongea polepole, kama chifu.

“Mtu wa biashara haanzi na mali,” akaniambia. “Anaanza na mnunuzi. Nani ana njaa ya hii kitu na haipati vizuri?”

“Masara,” nikasema. “Wale wa kuchimba dhahabu. Wanatoka kwa shimo na njaa ya simba, na ziwa iko mbali na wao. Omena inafika huko imevunjika kama majani ya chai.”

Akaniangalia. “Umefanya utafiti.”

“Nimefanya nini?”

“Utafiti. Ndiyo hiyo umefanya.”

Sikujua nilikuwa nafanya utafiti miaka yote hiyo. Akaandika kwa ukurasa wa kwanza kwamba mimi ni Mkuu wa Ununuzi. Nikamwomba anisomee tena. Akasoma tena.

Sasa hapa ndiyo ujinga wenyewe unaanza. Tulifika kwa sehemu inaitwa hatari.

“Nini inaweza kuharibu hii biashara?”

“Mvua,” nikasema. Akaandika mvua.

“Nini ingine?”

“Mbuzi.”

Kalamu ikasimama kidogo, lakini akaandika mbuzi.

“Nini ingine?”

Ingine ilikuwa mwezi. Mwezi wa juu mbinguni. Omena inavuliwa usiku kwa taa, zile karabai za presha. Giza likiwa nzuri, samaki anafuata taa, anaingia kwa wavu. Lakini mwezi ukijaa, ziwa yote inakuwa na mwanga, omena anaona taa yako ni ya nini. Basi wiki nzima, hata zaidi, mashua zinalala ufuoni, wavuvi wanashona nyavu ama wanaenda kuona bibi zao, na hakuna omena. Hiyo inajulikana na kila mtu Kisegi, hata wale mbuzi. Na dada yangu alikuwa amekuja wiki ya giza, wakati ziwa ilikuwa inatapika.

Nilitaka kusema. Lakini alikuwa ashachora mstari na rula, mstari mzuri unapanda bila kuyumba, na chini yake ameandika kwa wino: Omena inapatikana kila siku, kwa hivyo stoo haihitajiki. Akanionyesha hiyo sentensi akicheka.

“Unaona? Bila stoo. Mwalimu ataipenda hii.”

Nikaangalia ule mstari. Nikajiambia, mimi ni mtu wa darasa la nane, huyu ni mtu wa chuo kikuu, labda huko wana njia ya kumaliza maneno ya mwezi. Hiyo ndiyo nilijiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa akijua nilimpa habari nusu, atanifutia cheo ya Mkuu wa Ununuzi.

“Hatari zimeisha?” akauliza.

“Zimeisha.”

Tukaenda Masara na gunia moja ya kuonyesha. Huko tulimpata mama mmoja Mwislamu, mtu wa Pwani, aliyekuja na bwanake kwa maneno ya duka na akafungua hoteli ya kupikia wachimbaji. Kiswahili yake ilikuwa imenyooka mpaka yangu ikaona haya. Akachukua omena moja, akaivunja, akainusa, akaitafuna.

“Nzuri. Mtaniletea hivi hivi kila wiki?”

“Kila wiki, mama,” nikasema.

“Hata wiki ya mbalamwezi?”

Dada yangu alinigeukia, lakini hiyo swali haikumwambia kitu. Mimi iliniambia yote.

“Hata hiyo, mama! Ziwa ni yetu.” Na nikaapa, nikalamba kidole nikaelekeza juu.

Dada yangu akamweleza maneno ya barua ya chuo. “Haya,” mama akasema. “Leteni. Nikiona mmetimiza, nitawaandikia hiyo barua.”

Wiki ya kwanza tulipeleka, safi. Ya pili tulipeleka, wachimbaji wakatusifu. Dada yangu akawa anaimba akiosha vyombo. Mimi nikawa natoka nje jioni naangalia juu, naona ile kitu inanona tu kama ng'ombe wa jirani.

Wiki ya tatu ufuo ulikuwa kimya. Mashua zimelala, nyavu kwa miti. Nikazunguka na gunia kwa wanawake wa omena, wakanicheka mpaka mmoja akashika mgongo.

“Yawa, huyu anatafuta omena na mwezi iko hivi! Mama yako alikuzaa Nairobi?”

“Mkuu wa Ununuzi!” mwingine akaita. Sijui nani aliwaambia hiyo cheo. Labda ni mimi.

Mwisho nilipata nusu gunia kwa mzee anauza chakula ya kuku. Ilikuwa ile ya kufagiwa, vichwa na mikia na mchanga. Nikaipepeta, nikaweka ile nzima nzima juu. Dada yangu akaangalia ile ya juu, akasema sawa, twende.

Mama wa hoteli hakuangalia ya juu. Aliingiza mkono mpaka chini, akatoa konzi, akaitia kwa bakuli ya maji. Mchanga ukateremka chini, sisi watatu tunauangalia.

“Hii ya kuku, mwanangu,” akasema, bila hasira. “Na hawa wateja wangu wana meno.”

“Mama, kulikuwa na shida,” nikaanza. “Kiboko alivunja mashua.”

“Mashua ngapi?”

“Moja.”

“Na zile nyingine zote za Kisegi?”

“Zilienda kumfukuza.”

Hoteli yote ikacheka. Mchimbaji mmoja amejaa vumbi nyekundu mpaka nyusi akasema, “Kiboko, ongeza uongo, chai bado iko.” Na hilo jina likabaki hapo Masara.

Mama hakucheka. Alienda kwa ukuta, kulikuwa na kalenda ya msikiti, akaweka kidole. “Leo kwetu ni tarehe kumi na tano. Mwezi umejaa. Mimi nafunga kwa mwezi na nafungua kwa mwezi, na miaka yote hapa nanunua omena. Ukijaa tu, wauzaji wote wanapotea. Ndiyo sababu nilikuuliza siku ile. Ukaapa.” Akamgeukia dada yangu. “Barua siwezi, binti yangu. Nikiandika mnaleta kila wiki, nitakuwa nimewadanganya walimu wako.”

Dada yangu hakulia wala hakugomba. Alikuwa anabonyeza ile kalamu yake, inatoka, inaingia, inatoka, inaingia. Afadhali angenipiga.

Basi nikaongea. Sijui nilianza wapi. Nikasema mwezi ukijaa mashua hazitoki, siku ngapi kabla na siku ngapi baada. Nikasema wajanja wa pale ufuoni wananunua nyingi wakati wa giza, wanakausha mara mbili, wanaweka juu ya mbao mahali pakavu, si chini, kwa sababu ikiguswa na unyevu inaoza na kunuka. Nikasema wiki ya mwezi hao wajanja ndio peke yao wana omena, na watu wote wanawafuata. Nikasema nilikuwa najua tangu siku ya kwanza.

“Sasa hiyo,” mama wa hoteli akasema, “ndiyo biashara. Kwa nini hamkuiandika?”

Dada yangu akasema tu, “Sikuambiwa.”

Pale mezani akafungua faili. Ule mstari wake mzuri akaukata, akachora mwingine unapanda na kushuka kama vilima vya Gwassi. Pale ameandika stoo haihitajiki akapiga wino. Akaniuliza mbao ziwe juu kiasi gani, nikamwonyesha na mkono, akaandika. Mama wa hoteli akatuletea chai, akasema mwezi mwingine unakuja, akiona omena nzuri hapo ukiwa umejaa, ataandika. Asipoona, tusimsumbue tena.

Chuo bado kilikuwa kimefungwa, lakini redio ilikuwa imeanza kusema kitafunguliwa. Tulinunua wakati wa giza, nikakausha mara mbili kweli kweli, tukapanga magunia juu ya mbao kwa nyumba ya zamani ya nyanya kule Magunga. Mama yetu alilalamika kwamba boma yote inanuka kama mashua, na kila usiku wa mvua anaenda kugusa magunia kama mtu anagusa mtoto ana homa. Mwezi ukajaa. Ufuo ukalala. Sisi tukapeleka gunia mbili Masara, na mama wa hoteli akaingiza mkono mpaka chini, akatoa, akatia kwa maji. Maji yakabaki maji.

Aliandika barua hapo hapo, kwa karatasi ya shule, mwandiko wa kulala upande. Aliandika pia kwamba mara ya kwanza tulishindwa. Dada yangu ndiye alimwomba asiitoe hiyo sehemu.

Siku ya kurudi Nairobi nilimbebea sanduku mpaka barabarani Magunga. Tangu ile siku ya bakuli hakuwa ameniuliza kwa nini nilimficha maneno ya mwezi, na mimi nilikuwa nangoja aniambie nimefutwa. Tulisimama hapo kwa vumbi. Nikamwuliza kama jina langu bado iko kwa ukurasa wa kwanza.

“Iko,” akasema. Halafu gari ilipoonekana kule chini akachukua sanduku kwa mkono wangu. “Lakini siku ingine ukijua kitu, uniambie. Hata kama mimi ndio nimeshika kalamu.”