Theluthi ya Minazi

Nilimwahidi bibi jirani yetu kwamba akifa, theluthi ya minazi yake ya Kionga itamfikia binti aliyemlea tangu uchanga, wala hakuna atakayemnyang'anya. Niliahidi kwa moyo mweupe, kama kijana aliyetoka chuo cha ualimu akiamini kwamba jambo likielezwa sawasawa huwa limekwisha.

Majuma kadhaa tulikaa barazani kwake nikimfafanulia. Wanawe wawili wa kuwazaa walikuwa warithi, na fungu lao limekwisha kupangwa na sheria ya dini. Binti wa kulea si mrithi. Yeye hupata kwa wasia, na wasia hauvuki theluthi ya mali. Nilimweleza pia hiba, yaani kumkabidhi binti minazi yenyewe angali hai.

"Na mimi nile nini, mume wangu?" aliniuliza, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Nije kwako kuomba nazi ya mchuzi?"

Akachagua wasia. Aliutamka mbele ya mashahidi wawili, akiutaja kila mstari wa minazi na mtu aliyeupanda. Sijapata kuona akili timamu kuliko ile.

Kaka yake bibi hakuridhika. Wana wa bibi walikuwa wamevuka mto Ruvuma kwenda kujiunga na wapiganaji waliopigana na Wareno. Sisi majirani tulijua, na hatukulisema hata uani. Kaka huyo aliona shamba limebaki bila wenyewe. Akaenda posto, ofisi ya serikali ya Wareno, kudai kwamba dada yake amerukwa na akili, kwamba wasia wake si kitu, na kwamba yeye ndiye afanywe msimamizi wa mali yote.

Tukaitwa. Mkuu wa posto alitaka kumpima bibi kwa maswali, nami nikaamriwa kutafsiri Kireno. Mlangoni alisimama sipai, askari wa posto, na bunduki yake. Bibi alijibu vyema: jina la kijiji, mfungo uliopita ulivyokuwa, mipaka ya shamba. Kisha mkuu akauliza ana watoto wangapi, na wako wapi.

Bibi alimtazama sipai, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie sikuzaa."

Watu wakainamisha vichwa. Wanawe walikuwa wameandikishwa pale pale posto kwa ajili ya kodi. Kaka yake akacheka kidogo, akasema dada yake amesahau hata uchungu wa kuzaa. Nilitafsiri jibu kama lilivyo. Kama ningeeleza kwa nini mwanamke mwenye akili zake amejibu vile, ningekuwa nimesema wanawe waliko. Mkuu akatamka *incapaz*, yaani mtu asiyeweza kuamua mambo yake, na wasia ukabatilika, mali yote ikawekwa chini ya kaka yake.

Njiani nilimwambia bibi kwamba angeweza kusema wamesafiri tu.

"Wangeuliza wapi," akajibu. "Binti yangu ataishi bila minazi. Wale wawili, wakijulikana walipo, hawataishi."

Alifariki vita vingali vikiendelea. Kabla ya arobaini yake kaka yake alimwondoa binti shambani. Nilimwendea kaka huyo na mashahidi wote wawili. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza ni nani aliyemtafsiria mkuu jibu lile. Kueleza kwa nini bibi alijibu vile kungewaponza wanawe ng'ambo ya mto; nikaaga, nikaondoka na mashahidi wangu.

Nakuomba, msomaji: siku utakapoitwa kusema kama mtu ana akili timamu, tazama kwanza ni nani wengine waliomo chumbani.