Msumari Nyuma ya Mlango

Mwalimu wa darasa la sita ana msumari wake nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu. Kengele ya mapumziko ikilia, huuvua mkeka wa heshima kiunoni, ule ambao hapa Tonga hakuna anayethubutu kuja kazini bila kuufunga, na kuutundika polepole kama anayemlaza mtoto. Kisha hukaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akimenya chungwa kwa vidole vyenye chaki na kuimbia puani wimbo wa kanisani. Ukimletea habari za mtihani, hukuonyesha ule mkeka msumarini kwa kidevu: “Mwambie huyo. Mwalimu ni yule pale, mimi nakula chungwa.”

Fusi, mwalimu mgeni, aliona huo ni uvivu mtupu, mpaka siku mkaguzi alipomkaripia mbele ya watoto. Aliingia ofisini machozi yakimlengalenga, akaanza kupangapanga madaftari. Yule mama wa darasa la sita aliinuka, akamfungua kamba ya mkeka kiunoni, akautundika juu ya wake, msumari ule ule.

“Kaa, mwanangu,” alisema, akimpa nusu ya chungwa. “Mkaguzi akirudi, atawakuta hao wawili.”