Mama Alisema Sawa Mara Tatu

Mama yangu alikubali kuuza nyumba yake mara tatu. Siku niliyotundika bodi ukutani, akaruka futi mia.

Sitanii, wakuu. Nisikilizeni.

Kazi yangu ni kutuliza mwangwi kwenye vyumba vya mikutano ya mtandaoni. Nikiingia napiga kofi moja, paa! Chumba kikilia, natundika bodi za sufi zinazomeza sauti, natandika zulia, naondoka.

Lakini mganga hajigangi. Sebule yangu ni vigae, vioo na zege. Ukikohoa, na ukuta unakohoa.

Humo ndimo mimi, dada na kaka tulikuwa tukimpigia Mama video kila Jumapili.

"Mama, tumepata mnunuzi wa nyumba. Uje ukae na sisi. Sawa?"

"Sawa, wanangu."

Wiki tatu, sawa tatu. Kusaini kukapangwa Jumatatu.

Ila mimi nilikosa raha. Nyumba aliyojenga na marehemu baba, tofali kwa tofali, halafu asiulize hata swali?

Jumapili ya mwisho mke wangu akachachamaa. Bodi zilizobaki kazini zilikuwa zimeziba korido.

"Uzitundike au uzitupe. Chagua!"

Nikazitundika sebuleni. Nikapiga kofi. Kimya.

Tukampigia Mama. Dada akaanza, "Mama, kesho mnunuzi wa nyumba anakuja, usaini."

Mama akasogeza uso kwenye simu.

"Nyumba ya nani?"

"Yako, Mama. Si ulikubali?"

"Yangu? Kwani nimeshakufa?"

Dada akanitolea macho. Kaka akawa anaangalia viatu vyake.

"Lakini ulisema sawa," nikamwambia. "Mara tatu."

"Sauti zenu zilikuwa zinavuma tu, mwanangu. Nikiona midomo imetulia, nasema sawa, msije mkakata simu."

"Sasa mbona hukutuambia?"



"Kila Jumapili nawaambia siwasikii. Na neno pekee ninalolishika kwenu ni, 'Sawa, Mama.'"

Wakuu, nililia mbele ya mke wangu. Mwangwi ulikuwa kwetu. Sauti ya Mama ilitufikia safi kila wiki, tukawa tunasubiri tu amalize.

Mnunuzi tulimpigia palepale, tukamwomba radhi.

Na wewe unayesoma hapa, kabla hujatangaza kwamba mzazi wako amekubali, hebu muulize tena, halafu ukae kimya.