Ruhusa ya Kutoka Kakuma

Juzi, kwenye benki moja hapa Lodwar, dada aliyekuwa mbele yangu alitaka kuongeza jina la mumewe kwenye akaunti yake. Walifunga ndoa kanisani; mume ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini.

“Lazima aje mwenyewe aweke sahihi,” karani akasema.

“Yuko kambini Kakuma. Hawezi kutoka bila ruhusa, na wamemnyima.”

“Wagonjwa hupewa upesi.”

“Sasa nimwombee mume wangu augue?”

“Homa kidogo tu, dada!” mzee mmoja akadakia, foleni ikacheka.

Dada hakucheka. Alikunja cheti cha ndoa polepole, akakibana kifuani.

Wake wengi huwaombea waume zao afya. Huyu, nadhani, aliondoka akitafuta ugonjwa usiouma, utakaomleta mumewe hadi Lodwar.