Cheti cha Uraia cha Chimène

Paluku hakutaka askari nyumbani mwake. Aliwakimbia watu wa magwanda huko Beni, Kongo, akakaa kambini Uganda miaka mingi, akafikia Louisville, Marekani, na mwisho, alipopata kazi ya kiwanda cha mikate, akahamia Buffalo na mkewe Charlotte. Kwa hiyo siku binti yao Chimène, akiwa na miaka kumi na minne, aliposema anataka kusoma chuo cha kijeshi, Paluku aliisukuma sahani yake kando.

Msichana hakubishana naye. Alikuwa ameshasoma kwamba chuo hicho hakitazami alama za darasani peke yake. Kinataka kujua mtoto anafanya nini kengele ya mwisho ikishalia. Basi akaanza. Mwaka wa kwanza alijiunga na mbio za nyika, akawa wa mwisho karibu kila shindano. Wa pili akajifunza kuogelea, yeye aliyeogopa hata maji ya magotini. Wa tatu wakimbiaji wenzake wakamchagua nahodha. Na kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa karibu na Grant Street, aliwafundisha kina mama maswali ya mtihani wa uraia. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Paluku mwenyewe. Paluku alipofaulu na kula kiapo, alimshika Chimène bega akamwambia, "Sasa ni raia sisi wote, mama. Na wewe pia." Ndivyo kanisa zima lilivyoamini: baba akiapa, watoto wamo.

Kidogo kidogo moyo wa Paluku ukalainika. Ikafika mahali yeye ndiye aliyewachosha wenzake kazini kwa habari za mazoezi ya binti yake.

Septemba ya mwaka wa mwisho, ofisi ya mbunge, ambayo ndiyo hupendekeza majina kwa chuo hicho, ilitaka cheti cha uraia cha Chimène. Hawakuwa nacho. Wakaenda ofisi moja ya msaada wa sheria, wakapokelewa na Nyaboke, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki kufanya kazi. Alilifungua faili lao la tangu Louisville, akasoma, akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena.

"Mzee Paluku, kuna shida," alisema. "Kiapo chako kinabeba watoto uliowazaa, ama wale umewachukua rasmi kortini. Chimène hapa ameandikwa mtoto wa ndugu yako. Kwa hivyo yeye bado si raia."

Chimène aligeuza shingo polepole. Miaka yote hiyo alikuwa akimjibu babake kwa Kiingereza. Sasa aliuliza kwa Kiswahili.

"Mtoto wa nani?"

Nyaboke alilifunga faili. "Nilidhani anajua," alisema kwa sauti ndogo.

Kule kambini afisa alipomuuliza Paluku kuhusu mtoto, alisema kweli, maana uongo mmoja ungeweza kuirudisha nyuma familia nzima. Lakini nyumbani hakuna aliyelitamka jambo hilo. Kwao, mdogo wako akifa akakuachia mtoto, amekuachia mtoto, basi. Alipanga kumwambia akifika miaka kumi na sita. Kisha ukaja msimu wa mbio. Kisha mitihani.

"Anaitwa Masumbuko," alisema mwishowe. "Mdogo wangu. Na mama yako ni Clémence. Waliuawa shambani, siku moja. Wewe ulikuwa na miezi minane, uko mgongoni mwa shangazi yako, nyumbani."

"Mama Charlotte anajua?"

"Anajua."

"Na watu wa kanisa?"

"Nao wanajua."

Walirudi nyumbani, mtaa wa Kensington-Bailey. Siku nne Chimène hakwenda shule wala hakukimbia. Kocha alipiga simu kusema timu imeshindana bila nahodha. Charlotte alikuwa akiweka chakula mlangoni na kukiondoa kimepoa. Siku ya tano msichana alitoka, amevaa koti.

"Nipeleke kwa shangazi."

Ni saa tano za barabara hadi Gahanna, mji mdogo kando ya jiji la Columbus. Shangazi Kavira alifungua mlango, akaona uso wa mtoto, akajua. Alimkalisha jikoni akamsimulia mpaka jua likazunguka nyumba: mama yake alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na alikuwa akibishana na kila mtu sokoni. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Bon, yaya, wewe kaka mkubwa, nilikuambia umwambie mapema. Donc, kwa hiyo ulikuwa unangoja karatasi imwambie?"



Februari Chimène alitimiza miaka kumi na minane, akaomba uraia kwa jina lake mwenyewe. Kiapo kikaja Septemba, na wenzake waliochaguliwa walikuwa wameingia chuo cha kijeshi tangu Julai. Akasoma chuo cha karibu mwaka ule, akaendelea kukimbia na kufundisha, akajaza upya fomu za chuo cha kijeshi. Penye jina la baba aliandika Masumbuko. Paluku aliliona.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe hukuwadanganya kule kambini, Papa. Na mimi siwezi kuwadanganya hawa."

Barua ya kukubaliwa ilifika majira ya kuchipua. Paluku alipigiwa simu akiwa kiwandani, wakati wa mapumziko. Alimsikiliza Chimène hadi mwisho, akakaa juu ya gunia la unga. Charlotte, aliyekuwa nyumbani na binti, akachukua simu, akamuuliza kama amefurahi. Paluku akamwambia hajui kama anafurahi au anaogopa, na kwamba ampe dakika chache.