Shamba Namba Kumi na Nne

Usimsifu Theresia wa Ifakara kwa programu yake ya mashamba ya mpunga, atakufokea. Aliunda klasi, kipande cha programu ambacho ukiandika mashamba[14] kinakupa jina la mwenye shamba hilo. Akaiwekea na sehemu iitwayo __setitem__, ya kupokea majina mapya, nayo ikapokea chochote bila kuuliza. Karani wa ushirika, akikusudia shamba la 41, akaandika mashamba[14] = "Adolf". Jina la Polycarp, mwenye shamba la 14, likafutika. Adolf akaja kuvuna na karatasi ya ushirika mkononi, Polycarp akamzuia, mapanga yakatembea. Kiganja cha Polycarp kilibaki kwenye mabua. Sasa __setitem__ inakataa kufuta jina la mtu.

"Ilihitaji mistari miwili tu!" Theresia hufoka. "Na niliiandika baada ya kiganja!"