Utupe Leo Riziki Wetu

Zama zetu, na wenzangu mliokulia Rondo mtanielewa, sala haikuwa jambo la kujisikia. Ilikuwa kazi ya nyumbani kama kuchota maji na kufagia uwanja, na ukiiharibu unarudia. Siku hizi mimi ndiye ninayefundisha watoto wa shule ya Jumapili katika kanisa lilelile nililofundishiwa, na niseme wazi, nimechoka. Jumapili iliyopita nilimwambia mtoto mmoja atuombee kabla hatujaanza. Akafumba macho, akanyoosha mkono juu, akakunja uso kama mtu anayeumwa jino, kisha akapiga ukelele, "Pokeaaa!" Wenzake wakaanza kuanguka mikekani mmoja baada ya mwingine, na nguo zao za Jumapili. Nikauliza wamejifunzia wapi mambo hayo. "Kwenye simu ya mama, mwalimu." Mwingine akaomba baba yake abarikiwe apate bando. Watoto ambao hata kamasi hawajajua kufuta! Niliwaambia wainuke wajipanguse vumbi.

Sisi darasa letu lilikuwa banda nyuma ya kanisa, mabenchi ya mabanzi ya mbao yasiyopigwa randa, yanakuchoma mapajani ukijitikisa tu. Asubuhi kunakuwa na ukungu na baridi ile ya Rondo ambayo watu wa Lindi mjini wakisimuliwa wanacheka, na sisi miguu mitupu, tumejikunyata, tunanukia mafuta ya nazi na moshi wa jikoni. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Agata, mwanamke mfupi wa kanga mbili, sauti yake inafika hadi kisimani. Kitabu hakuna. Anasema yeye, tunasema sisi, na mkononi ana ufito wa mbaazi wa kugongea benchi anayesinzia. Tukimaliza tunagawiwa karanga za kuchemsha, ndiyo maana nusu ya darasa walikuwa watoto wa Kiislamu, na Baba Yetu waliijua kutushinda. Na sisi jioni tuliwafuata madrasa kwa sababu ya kashata. Hakuna mzazi aliyeona ajabu.

Tulikuwa na makosa yetu, sikatai. Kulikuwa na mwenzetu aliyeamini mpaka anamaliza la tatu kwamba jina la Mungu ni Litukuzwe. Na tulipofika "usitutie majaribuni" darasa zima lilipaza sauti, maana tulidhani linasemwa jaribio la hesabu la kila Ijumaa. Lakini kosa lililowatoa jasho watu wazima lilikuwa la mdogo wangu Stela, na lilikuwa la herufi chache tu.

Wenzetu kwingine husema "mkate wetu wa kila siku". Sisi tulifundishwa "utupe leo riziki yetu", na ilitufaa, kwa sababu mkate wenyewe tuliuona Krismasi. Sasa nyumbani kwetu kulikuwa na mtu anaitwa Riziki. Alikuwa mdogo wake mama, mama yetu mdogo. Mama alisumbuliwa na afya tangu alipomzaa Stela, kwa hiyo Stela alikulia mgongoni kwa mama mdogo Riziki. Alilala naye, alikula naye, hata chooni alimfuata. Halafu akaja kijana wa Kiranjeranje kununua mahindi, Mwislamu, mpole, meno meupe. Msimu ulipokwisha aliondoka, na mama mdogo Riziki akaondoka naye, hakumuaga mtu. Tulikuja kusikia kwamba wamefunga ndoa huko na yeye amesilimu.

Babu, baba yake mama, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa, benchi la mbele. Alitamka mara moja tu: "Huyo mtu asitajwe humu ndani." Hapo ndipo watu wazima wanaponichosha. Babu huyohuyo alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja anayeswali msikitini, na siku ya Idi yeye ndiye wa kwanza kunawa mikono pilau likifika. Dini haikuwa neno. Kilichomuuma ni kutoagwa, na badala ya kusema kimemuuma, akapiga marufuku jina. Basi mtu aliyekuwa anaitwa kutwa nzima, Riziki lete ungo, Riziki kuni zimekwisha, akawa hayupo hata mdomoni. Stela alilia siku chache, kisha akanyamaza. Tukadhani ameshasahau.

Kipindi hicho Mwalimu Agata alikuwa anatufundisha Baba Yetu kwa ajili ya Pasaka, tuje tuisome mbele ya watu wote, mmoja mmoja kipande chake. Ikafika zamu ya Stela. Akasema kwa sauti safi, "Utupe leo Riziki wetu."

"Yetu," akasema Mwalimu Agata.

"Wetu," akasema Stela.

"Riziki ni chakula, mwanangu. Ugali, mbaazi, mhogo, vyote hivyo ni riziki. Chakula chetu, riziki yetu. Haya, sema."

"Utupe leo Riziki wetu."

Ufito ukagonga benchi mpaka ukakatika. Stela hakutikisika. Darasa likaanza kucheka, kisha wakubwa kidogo wakaelewa na wakaacha kucheka, maana kijiji kizima kilijua habari za nyumba yetu.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kasheshe. Kila jioni baada ya kula, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeongoza Baba Yetu, na Babu mwenyewe ndiye aliyeweka sheria kwamba mtu anayezungumza na Mungu hakatizwi. Stela akafika pale pale. "Utupe leo Riziki wetu." Babu akafumbua macho. Mama akaangalia chini. Sheria ni sheria, ikabidi Babu angoje mpaka amina, mishipa ya shingo imemsimama. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mkubwa wake. Mfundishe. Sitaki kuaibishwa Pasaka."

Mimi! Nilikuwa na kosa gani? Nilimfundisha Stela tukibangua korosho, vidole vimebabuka utomvu. Nilimfundisha tukitwanga, yetu na mchi, yetu na mchi. Nilimpa karanga zangu za Jumapili kama hongo, akazila zote, akanishukuru, akasema wetu. Mwishowe nikamfokea: kama ni mama mdogo unayemtaka, si useme mama mdogo, uache kuharibu sala ya watu? Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mwenye akili fupi. "Nikisema mama mdogo, Mungu ataleta mama mdogo wa watu."

Siku ile ndiyo nilielewa kwamba yule mtoto hakukosea kutamka. Alikuwa na haja moja tu duniani, mtu wake arudi, na alikuwa ametafuta nyumba nzima mahali ambapo jina lile bado linaruhusiwa, akalipata ndani ya sala. Nani angelifuta humo? Lakini kuelewa hakukunipunguzia adha, maana Pasaka ilikuwa inakuja na mchapwa nilikuwa mimi.

Pasaka ikafika. Kanisa limejaa, akina mama wamejifunga kanga mpya, Babu benchi la mbele na koti lake la kijivu. Mwalimu Agata, kwa hekima yake, alikuwa amempa Stela kipande cha "jina lako litukuzwe" ili tupite salama. Watoto wakaanza kushuka na sala, mmoja baada ya mwingine. Ilipofika riziki, mtoto aliyepewa kipande hicho akababaika, akasahau, akabaki mdomo wazi. Kimya. Na katika kimya hicho ikapanda sauti ya Stela, haikuwa hata zamu yake: "Utupe leo Riziki wetu!"

Nyuma kabisa, upande wa akina mama, mtu akaitikia, "Amina." Katikati ya sala! Kisha wa pili, wa tatu, upande mzima ukaitikia amina ambayo haikuwa mahali pake. Mama akajifunika uso kwa kanga. Shingo ya Babu niliiona kwa nyuma, haikusogea hata padri alipotusaidia kumalizia.

Nilingoja kipigo. Hakikuja. Jumatano Babu akatoka chumbani amevaa koti la kanisani, jambo ambalo tulikuwa hatujawahi kuliona, akakamata kuku jike uani, akamfunga miguu, akapanda lori la mbao linaloteremka pwani. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anakwenda wapi. Enzi hizo barabara ilikuwa matope matupu, Kiranjeranje ilikuwa safari ya mtu kulala njiani.

Alirudi na mama mdogo Riziki, ana ushungi kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Akapiga magoti mlangoni ilhali walikuwa wamesafiri pamoja njia nzima, maana nyumbani ndipo pa kusalimiana. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Babu akasema. "Inuka, utamchafua mtoto." Huo ndio ukawa msamaha, hapakuwa na hotuba.

Stela alimshusha mtoto wa watu mgongoni akapanda yeye. Na jioni ile, tumeshiba, tumekaa mkekani, akaongoza Baba Yetu, akasema taratibu bila kubabaika: "Utupe leo riziki yetu." Nilitamani kumfinya. Korosho zote zile, karanga zangu zote zile!

Ndiyo maana nikiwatazama hawa wa kwangu wanaoanguka mikekani moyo unaniuma. Wana makelele kuliko sisi, na maneno kuliko sisi, lakini ukiwauliza unamwombea nani hasa, wanakutajia kila mtu, yaani hakuna mtu. Lakini niwalaumu watoto peke yao kwa nini? Stela sasa ni mama mtu mzima, ana kazi ya maana Dar, yumo katika grupu la maombi ya alfajiri, na kila siku kabla jogoo wangu hajawika anaturushia sala ndefu kwenye grupu la familia, na ile mikono miwili iliyoshikana, na maua. Mama mdogo Riziki, ambaye baada ya kutusalimia alirudi kwa mumewe, amezeeka, magoti hayamruhusu tena kwenda shamba. Nikienda kumpa mkono wa Idi huko Kiranjeranje hata hajanisalimu vizuri anauliza, "Na Stela wangu je? Ameshafika?" Nami najibu kazi zimembana, huku naona aibu. Lami siku hizi inapita karibu na mlango wake. Kila Krismasi Stela anapita hapo akija Rondo, anachungulia dirishani, basi linaendelea.

Juzi nimempigia simu nikamwambia mama mdogo hali yake si nzuri, anakuulizia. Akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake ya maombi, "Jamani, dada. Ngoja nimweke kwenye sala."

Nikamwambia: "Wewe Stela, kuomba ulishaomba, na ukapewa. Sasa shuka kwenye basi."